Vipimo vya Injini za Mvuke na Watu Waliosafiri Juu Yake

Katika kazi yoyote yenye kubeba roho za watu, sifa za mdomo hazitoshi. Bunduki hulengeshwa kabla ya kukabidhiwa askari. Gari la doria huendeshwa njia mbaya kabla ya kupelekwa mpakani. Na ripoti ya polisi isiyo na ushahidi haina uzito mbele ya hakimu. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyowaongoza mafundi wa reli kwa muda wa zaidi ya miaka 100, tangu gari la moshi lilipoanza kubeba abiria mpaka injini za mvuke zilipoondolewa kazini. Mafundi hao hawakuridhika kuipima injini ikiwa imesimama kiwandani. Walipanda juu yake, wakakaa karibu na silinda zake, wakasafiri nayo katika mwendo wa kasi, huku wakiandika kila walichokiona. Wahenga walisema kwamba ukipenda cha mvunguni sharti uiname, na habari za watu hao ni ushahidi wa usemi huo.

Jaribio la kwanza lililotazamwa na dunia nzima lilifanyika Rainhill, karibu na mji wa Liverpool nchini Uingereza, katika mwezi wa Oktoba 1829. Wakurugenzi wa reli mpya ya Liverpool na Manchester walikuwa wamegawanyika. Baadhi yao walitaka mabehewa yavutwe kwa kamba ndefu zinazozungushwa na mitambo iliyosimama kando ya njia. Wengine walitaka injini inayotembea yenyewe. Badala ya kuendelea kubishana katika chumba cha mkutano, walitangaza zawadi ya pauni 500 na kuweka masharti. Injini ya tani 6 ilipaswa kuvuta mzigo wa tani 20 kwa mwendo wa maili 10 kwa saa, na nguvu ya mvuke ndani ya bwela isizidi pauni 50 kwa kila inchi ya mraba. Tena haikutosha kwenda mara moja na kusimama. Ilipaswa kwenda na kurudi katika kipande kifupi cha reli, mara nyingi, mpaka umbali wote ulingane na ule wa safari ya kutoka Liverpool hadi Manchester na kurudi.

Umati wa watu uliokusanyika uliipenda zaidi injini iliyoitwa Novelty. Ilikuwa nyepesi, nzuri kwa macho, na ilipita mbele yao kwa mwendo wa karibu maili 28 kwa saa. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ilipotakiwa kurudia safari hizo, viungo vyake viliachia na ikashindwa kumaliza. Sans Pareil nayo ilizidi uzito uliowekwa, kisha ikaharibika njiani. Ni Rocket peke yake, iliyotengenezwa na George Stephenson na mwanawe Robert, iliyokamilisha safari zote. Siri yake ilikuwa bwela lenye mabomba mengi membamba ya kupitisha moto, ambayo yaliyafanya maji yachemke upesi na kwa mfululizo. Waamuzi hawakuhukumu kwa makofi ya watazamaji, bali kwa saa, kwa mizani na kwa hesabu ya makaa yaliyotumika.

Hata hivyo vipimo vya Rainhill vilionyesha matokeo tu, havikueleza sababu. Mtu alijua kwamba injini fulani imevuta, lakini hakujua nguvu inapotea wapi. Ili kulijibu swali hilo ilibidi chombo kiingizwe ndani ya silinda yenyewe. Chombo hicho kilikuwapo tayari. Kiliitwa indiketa, na asili yake ni kiwanda cha James Watt, ambako msaidizi wake John Southern, katika miaka ya 1790, alibuni njia ya kukifanya kichore mstari juu ya karatasi. Watt na wenzake walikificha kwa miaka mingi, kwa kuwa kiliwapa ujuzi ambao washindani wao hawakuwa nao.

Kazi ya indiketa ni rahisi kueleza. Ni silinda ndogo yenye pistoni na springi, iliyofungwa kwa bomba kwenye silinda kubwa ya injini. Mvuke ukiongezeka ndani ya silinda kubwa, pistoni ndogo hupanda. Mvuke ukipungua, hushuka. Kwenye pistoni hiyo kuna kalamu, na mbele ya kalamu kuna kigurudumu kilichovikwa karatasi, ambacho huzungushwa kwa kamba inayokwenda pamoja na pistoni ya injini. Kwa hiyo kila pistoni inapokwenda na kurudi, kalamu huchora umbo lililofunga, mfano wa kiatu. Ukubwa wa eneo lililo ndani ya umbo hilo ndio kipimo cha kazi iliyofanywa na mvuke. Fundi mzoefu aliweza kuitazama karatasi hiyo na kusema kwamba mvuke umechelewa kuingia, au kwamba njia ya kutokea ni nyembamba, kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Tatizo lilikuwa ni mahali pa kukaa. Silinda za injini ziko mbele kabisa, chini, karibu na magurudumu. Anayetaka kubadilisha karatasi ya indiketa hawezi kufanya hivyo akiwa amekaa katika kibanda cha dereva. Daniel Gooch, aliyekuwa mkuu wa injini za reli ya Great Western tangu 1837, akiwa na umri wa chini ya miaka 21, alilitatua tatizo hilo kwa kwenda yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1840 alikaa juu ya boriti ya mbele ya injini, ile inayobeba vizuizi vya mgongano, akachukua michoro ya indiketa huku treni ikikimbia. Hapakuwa na ukuta wa kumkinga upepo, wala kitu cha kumzuia asianguke isipokuwa mkono wake. Mkuu wa idara nzima alikaa mahali ambapo hata mfanyakazi wa chini angeweza kukataa kupelekwa.

Gooch hakufanya hayo kwa kutafuta sifa. Wakati huo palikuwa na ugomvi mkubwa juu ya upana wa njia za reli. Reli ya Great Western, iliyojengwa na Isambard Kingdom Brunel, ilikuwa na upana wa futi 7 na robo inchi. Reli nyingine nyingi zilifuata upana wa Stephenson, futi 4 na inchi 8 na nusu. Zilipokutana katika mji wa Gloucester, mizigo na abiria walilazimika kushushwa na kupakiwa upya. Mwaka 1845 serikali iliunda tume ya watu watatu: Sir Frederic Smith, ofisa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi; George Airy, mnajimu mkuu wa taifa; na Peter Barlow, mwalimu wa chuo cha kijeshi cha Woolwich. Askari wanaosikiliza wataona kwamba katika jambo hili la uchukuzi wa nchi nzima, serikali ilitaka macho ya watu waliozoea nidhamu ya kijeshi na ya hesabu. Na haikuwa mara moja. Kuanzia 1840, kwa zaidi ya miaka 100, wakaguzi waliochunguza ajali za reli za Uingereza walitoka zaidi katika kikosi hicho hicho cha wahandisi wa jeshi.

Majaribio yalifanyika. Injini ya Gooch, iliyoitwa Ixion, ilivuta mzigo wa tani 80 kati ya London na Didcot na kufikia mwendo wa karibu maili 60 kwa saa. Upande wa pili, kati ya York na Darlington, injini za njia nyembamba zilishindwa kufikia kiasi hicho, na mojawapo ilipinduka. Kwa vipimo, Gooch alishinda. Lakini tume iliangalia nchi nzima. Njia nyembamba zilikuwa na urefu wa takribani maili 1,900, na njia pana takribani maili 270 tu. Sheria ya 1846 ikaupitisha ule upana mdogo, na mwaka 1892 reli za mwisho za njia pana zikabadilishwa. Hapa pana funzo la kupimwa kwa makini. Vipimo havitoi amri. Kazi yake ni kumpa mwenye amri ukweli, ili aamue akijua anachokipata na anachokipoteza. Tume haikusema kwamba injini ya Gooch ni mbovu. Ilikiri ubora wake, kisha ikaeleza kwa nini taifa lingechagua vinginevyo.

Baada ya Gooch, kazi ya kupima juu ya injini iliwekewa utaratibu. Indiketa mpya, iliyobuniwa na Charles Richards na kuonyeshwa London mwaka 1862, iliweza kufuata injini zenye mwendo wa kasi bila kalamu yake kurukaruka. Mafundi nao walijengewa kibanda cha mbao kuzunguka sehemu ya mbele ya injini, pembeni mwa sanduku la moshi. Ndani yake walikaa watu wawili au zaidi. Walikingwa upepo, lakini hawakukingwa joto, wala mtikisiko, wala moshi wa mahandaki, wala mvuke uliovuja kutoka katika viungo. Hawakuweza kuzungumza na dereva kwa sauti, kwa hiyo walitumia kengele au mrija wa kupitishia maneno. Ishara ilipotolewa, wote walitenda kwa wakati mmoja: mmoja alichukua mchoro wa silinda, mwingine alisoma kiasi cha hewa inayovutwa ndani ya sanduku la moshi, mwingine katika kibanda cha dereva aliandika nguvu ya mvuke ndani ya bwela na namna dereva alivyoweka usukani wa vali. Makaa yalipimwa kwa magunia kabla ya kutiwa motoni, na maji yaliyopungua katika tangi yalihesabiwa. Kama mmoja alichelewa dakika moja, kazi ya wote ilikuwa bure, maana namba zisizo za wakati mmoja haziwezi kuwekwa katika hesabu moja.

Nyuma ya injini lilifungwa behewa la kupimia, ambalo mafundi waliliita behewa la dinamomita. Fikra yake pia ni ya zamani. Mwaka 1839 Charles Babbage, yule mwanahesabu aliyebuni mashine za kufanya hesabu, alijaza vyombo katika behewa la reli ya Great Western, na kalamu zake zikachora nguvu ya mvuto na mtikisiko juu ya karatasi ndefu iliyokuwa ikijiviringisha. Katika mabehewa yaliyofuata, springi kubwa ilivutwa kila injini ilipovuta treni, na kalamu ikaandika nguvu hiyo. Gurudumu maalumu, lisilo na breki, liliteremshwa juu ya reli ili lisukume karatasi kulingana na umbali. Saa ilitia alama kila baada ya muda uliowekwa. Kwa njia hiyo umbali, wakati na nguvu viliandikwa pamoja juu ya karatasi moja, na hakuna mtu aliyeweza baadaye kuongeza wala kupunguza.

Umuhimu wa karatasi hiyo unaonekana pale ilipokosekana. Tarehe 9 Mei 1904 injini iliyoitwa City of Truro ilidaiwa kufikia maili 102.3 kwa saa. Ushahidi ulikuwa saa ya mkononi ya mwandishi Charles Rous-Marten, aliyekuwa ndani ya treni akitazama nguzo za kando ya njia. Robo maili ilihesabiwa kuwa imepitwa kwa sekunde 8.8. Kosa la sehemu ndogo ya sekunde linatosha kuishusha namba hiyo chini ya 100, na kwa sababu hiyo ubishi haukwisha. Mwaka 1905 huko Marekani injini namba 7002 ya reli ya Pennsylvania ilidaiwa kufikia maili 127.1. Hapakuwa na behewa la kupimia, na dai hilo halikukubaliwa. Tarehe 30 Novemba 1934, injini ya Flying Scotsman ilipofikia maili 100 kwa saa, behewa la kupimia lilikuwa nyuma yake, na hilo ndilo likawa la kwanza kuthibitishwa. Huenda wale wa 1904 walisema kweli. Lakini ukweli usioweza kuthibitishwa haumsaidii hakimu.

Siku iliyojulikana zaidi katika historia hiyo ni Jumapili ya tarehe 3 Julai 1938. Kampuni ya reli ya London and North Eastern, chini ya mhandisi wake mkuu Sir Nigel Gresley, ilikuwa ikifanya majaribio ya breki. Hiyo ndiyo iliyotajwa kuwa shabaha. Shabaha nyingine ilikuwa kuupita mwendo wa injini ya Kijerumani namba 05 002, ambayo mwaka 1936 ilikuwa imefikia kilomita 200.4 kwa saa. Injini iliyochaguliwa iliitwa Mallard, nayo ilivuta mabehewa 7, likiwamo lile la kupimia lililotengenezwa mwaka 1906. Dereva alikuwa Joe Duddington, mchochea moto Tommy Bray, na pamoja nao alikuwa mkaguzi Sam Jenkins.

Walipopita Grantham iliwabidi kwenda polepole, maili 24 kwa saa, kwa kuwa njia ilikuwa ikitengenezwa. Wakaupanda mlima wa Stoke wakiongeza mwendo, kisha wakaanza kuteremka. Katika behewa la nyuma kalamu zilionyesha 110, kisha 120. Kwa nusu maili mwendo ulikuwa 125, na alama ya 126, yaani karibu kilomita 203, ilionekana kwa muda mfupi mno. Kabla ya kona ya Essendine dereva alipunguza mwendo. Kuendelea kungehatarisha kila mtu aliyekuwamo.

Wakati huo huo injini yenyewe ilikuwa imeanza kulalamika. Ndani ya kiungo kikubwa cha silinda ya katikati mafundi walikuwa wametia dawa yenye harufu kali, ili kiungo kikipata joto kupita kiasi, harufu itoke na kuwaonya. Harufu hiyo ilitoka. Madini laini ya beringi yalikuwa yameyeyuka. Treni ilisimama Peterborough, na injini nyingine, iliyo ya zamani zaidi, ikafungwa badala yake ili kuifikisha London. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Lakini linalostahili kukumbukwa na askari ni kwamba hatari hiyo ilitazamiwa tangu mwanzo na onyo lake likaandaliwa. Tena Gresley hakuipenda hesabu ya 126, kwa kuwa ilikuwa ya nukta ya muda tu; na katika uhai wake, uliokwisha mwaka 1941, hakuitangaza. Bamba lenye namba hiyo lilifungwa juu ya injini mwaka 1948. Mtu mwenye kuheshimu vipimo hujinyima hata kile ambacho wengine wangempa bure.

Mwaka huo huo wa 1948, reli za Uingereza zilipokuwa zimetaifishwa, injini za mikoa mbalimbali zilibadilishana njia kwa ajili ya kushindanishwa. Injini za aina ya Mallard zilitumia makaa machache kuliko nyingine za abiria za daraja lake, lakini kadhaa ziliharibika njiani kwa sababu ya kiungo kile kile cha katikati. Jambo la pili lililogunduliwa lilihusu watu. Dereva mmoja alijitahidi kuokoa makaa hata akachelewa. Mwingine alijitahidi kufika kwa wakati hata akateketeza makaa. Kwa hiyo namba zilizopatikana hazikuwa za injini peke yake. Zilikuwa za injini pamoja na mtu aliyeishika. Ndiyo sababu katika kiwanda cha Swindon mhandisi S. O. Ell aliendeleza utaratibu wa kuendesha injini njiani kwa kiasi cha mvuke kisichobadilika, ili tabia ya dereva isichanganywe na tabia ya mashine. Injini mpya ya Britannia ya mwaka 1951 ilipewa silinda mbili tu, zote nje, mahali ambapo fundi angefikia bila kulala chini ya injini.

Afrika ya Mashariki ilipata sehemu yake ya ujuzi huo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ina upana wa mita 1 tu, na inapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,700 kabla ya kuteremkia Uganda. Ugomvi ule wa Gooch, juu ya nguvu inayoweza kupatikana katika njia nyembamba, ulijibiwa hapa kwa injini za Garratt, ambazo bwela moja hubebwa kati ya jozi mbili za mitambo ya magurudumu. Za kwanza zilifika katika reli ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitoa injini 34 za daraja la 59, zenye uzito wa takribani tani 250 kila moja, ambazo zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Hazikupata kuwako injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo katika njia ya upana wa mita 1. Mojawapo, yenye jina la mlima Gelai ulioko Tanzania, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Anayeitazama injini hiyo leo huona chuma kikubwa kisicho na moto. Nyuma ya kila ukubwa wa bomba na kila urefu wa vali kuna namba zilizokusanywa na watu waliokaa ndani ya vibanda vya mbao, wakichomwa na joto na kutikiswa na reli. Wengi wao hawakuandikwa majina. Karatasi zao ndizo zilizobaki, na juu ya karatasi hizo wenye amri walijenga maamuzi yao.

Askari anayetumwa kupeleleza, na polisi anayepima alama za tairi mahali pa ajali, wanafanya kazi ya namna moja na watu hao. Wakuu wao hawakuwapo pale. Watayaona mambo kwa macho ya aliyetumwa. Akiongeza neno ili kupendeza, au akipunguza neno ili kukwepa lawama, amri itakayotolewa itakuwa na kasoro hiyo ndani yake, na watakaoumia ni wengine. Kwa sababu hiyo mafundi wa reli waliandika kilichoonekana, kwa saa iliyoonekana, hata pale injini waliyoipenda iliposhindwa.